Imechuchumaa Vizuri, Ila Inakwaruza

Pikipiki ilitoka dukani na miguu yake. Mwenyewe akaitazama, akaona imenyanyuka kama mbuni, basi zikang'olewa shokapu ndefu, zikafungwa fupi. Sasa imechuchumaa, inapigwa picha kila kona. Akipanda abiria wa kilo 90, nyuma tairi linakwaruza, krrrr! Harufu ya mpira mpaka wa kwenye daladala wanafunga vioo.

Ukienda kijiweni, kila mtu daktari. "Jaza upepo!" "Hilo tairi kubwa!" "Kaza springi!" Wote wamesimama, mikono mfukoni. Kuinama kuangalia, hakuna.

Jamani, tairi lenyewe linasema. Likiwa jipya lina vile vinywele vya mpira. Angalia vimenyolewa wapi. Katikati? Huenda linagusa madigadi kwa juu, ingawa hata barabara hunyoa vya katikati. Ubavuni? Limekaa upande. Tairi la zamani halina vinywele, kwa hiyo paka chaki ndani ya madigadi, pakia mtu, pita tuta moja, halafu chungulia. Chaki ni bei gani kwani?

Na ukichungulia, tazama bolti za madigadi. Kuna watu wanazifunga nati kwa ndani, ncha imechomoza kama msumari wa kitanda, halafu wanalaumu tairi. Igeuze: kichwa ndani, nati nje. Waya wa taa ya nyuma nao ubane pembeni. Ukining'inia, tairi linaumenya, fyuzi inakatika, unatembea gizani ukidhani balbu imeungua.

Sasa hapa kwenye shokapu ndipo watu wanaponichosha. Wanapima pikipiki ikiwa imesimama: "Mbona nafasi ipo, vidole vinne vinapita!" Ndugu yangu, tairi halikwaruzi ikiwa imesimama. Linakwaruza pale shokapu inapojikunja mpaka mwisho, kwa hiyo kipimo ni urefu wa shokapu ikiwa imejikunja. Simamisha kwenye stendi kubwa, toa shokapu zote mbili, nyanyua gurudumu kwa mkono mpaka liguse madigadi, kisha pima kutoka tundu la bolti la juu mpaka la chini. Tuseme ni milimita 250. Shokapu yako ina 300, na ule mti unaong'aa unaozama ndani ni 70. Ikijikunja yote inabaki 230. Umeshapungukiwa 20 na hata shimo hujalikuta! Kile kipira kwenye mti, kinachozuia shokapu isigonge mwisho, kinaminyika, usikitegemee.

Kukaza springi kunainua pikipiki ikiwa imetulia, lakini pale inapofika mwisho ni palepale. Ukipiga shimo na mishikaki mgongoni, krrrr inarudi. Dawa ni shokapu ndefu kidogo, au kuongeza kipira kwenye ule mti ili isizame yote. Iwe ngumu, mgongo ulalamike, tairi lipone.

Halafu kuna aliyeshusha pikipiki, na papo hapo akatoa tairi la 3.00-17 (unene inchi 3, rimu inchi 17) akaweka 3.50-17. Anasema nusu inchi tu. Matairi ya namba hizo yakinenepa yanarefuka pia, kwa hiyo limepanda kama milimita 13 kwenye nafasi ambayo ameshaipunguza mwenyewe. Hapo unamlaumu nani?

Likikwaruza ubavuni, usiamini alama za kukazia cheni, nyingine zimegongwa kwa macho tu. Pima kutoka bolti ya mbele ya swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, mpaka ekseli, kulia na kushoto, zilingane. Funga kipande cha waya kwenye swingamu, ncha ikaribie rimu, zungusha gurudumu: rimu ikicheza zaidi ya milimita 2, spoku zinadai kukazwa. Litikise gurudumu. Likicheza lenyewe, beringi. Likicheza pamoja na swingamu, bushi za pale swingamu inapofungwa. Na ile ya kukwaruza kwenye kona tu, mara nyingi ni bushi.

Na bado. Ukishashusha, stendi ndogo ya pembeni inakuwa ndefu, pikipiki inasimama wima, upepo wa lori unaiangusha. Basi fundi anaikata stendi. Mwezi ukiisha mtu amechoka na krrrr, anarudisha shokapu zake za zamani. Stendi je? Imeshakatwa! Pikipiki inalala upande kama mlevi anatafuta ukuta, na kijiweni wanaulizana, "Hii nayo imepata ajali?"