Bahasha sita na chenji hakuna

Jamani huyu aliyeleta habari ya kugawa hela kwenye bahasha mimi nina neno naye. Mke wangu kaitoa kwenye simu, videoni dada kapendeza, kakaa kwenye sofa jeupe (sofa jeupe, yani huyo hana watoto, tuanzie hapo), anasema ukitaka hela ikae usiiache kwenye simu, toa yote keshi, kila matumizi na bahasha yake, ikiisha imeisha hamna kuongeza. Basi toka siku hiyo mshahara wangu ukiingia haulali. Natumwa kwa wakala nikatoe wote, wakala mwenyewe ananiuliza "bro kwema nyumbani?"

Sikatai, hela ya kwenye simu ikiondoka haiagi. Na ile tozo ya miamala ya Julai 2021, ambayo Septemba yake waliipunguza asilimia 30 baada ya watu kulia sana, ndo ilimaliza kabisa imani ya mke wangu, Mama Neema, mpaka leo hata muamala wa bure anauangalia kwa jicho la pembeni. Sasa nikamwambia mke wangu, kutoa nako si kuna makato? Kwa hiyo tunakatwa ili tusikatwe? Akasema mimi napenda ubishi, nikachukue kofia niende kwa wakala.

Bahasha ziko sita. Chakula, Nauli, Luku na Maji, Gesi, Shule, Dharura. Zinakaa kwenye lile bati la biskuti ambalo nyumba yoyote Tanzania ukilifungua kwa tamaa unakutana na sindano na nyuzi, kwetu sindano zimehamishwa, sa hivi ndo Hazina. Ufunguo wa kabati anao nani? Usiniulize.

Shida ya kwanza ambayo yule dada wa sofa hakuisema ni kwamba wakala anatoa wekundu watupu. Elfu kumi, elfu kumi, elfu kumi. Sasa we panda daladala asubuhi saa kumi na mbili na msimbazi uone konda atakavyokuita majina. Zamani ilikuwa rahisi, nauli jero, unatoa sarafu moja unashuka na heshima zako. Desemba 2023 ikapanda ikawa 600, na hiyo mia ya juu ndo imeniua mimi, sio zile mia tano. Unatoa jero na mia mbili, konda anakwambia "mia yako mbele", haya, mnafika mbele, anakwambia mbele zaidi, unashuka kituoni umesimama pale mlangoni unadai mia na mkoba wa ofisini begani, abiria wote wanakuangalia, konda anapiga bati gari linaondoka, "mzee mia tu unaganda hivyo?" Mia tu! We nayo si mia tu, si unipe basi?

Jioni nakaguliwa. Hii nyumba ina ripoti ya CAG kila siku, CAG mwenyewe wa serikali anatoa mara moja kwa mwaka anapumzika, wangu hapumziki.

"Baba Neema, nauli mia sita kwenda, mia sita kurudi, buku na mia mbili. Mbona imetoka buku na mia nne?"

"Mia mbili wamebaki nayo makonda."

"Konda ni mtoto wa nani humu ndani?"

Ukiacha konda kuna Mangi wa dukani. Mangi ni mtu wa Mungu, anatukopesha, simsemi vibaya, ila chenji ya Mangi ni pipi. Unanunua sukari nusu na kiberiti, ibaki mia, anazamisha mkono kwenye lile kopo la plastiki anakuwekea pipi juu ya kaunta, hakuulizi, hakuangalii, keshamhudumia mwingine. Sasa mke wangu kwa sababu vitabu lazima vifunge, ile pipi hailiwi, inaingia kwenye bahasha ya Chakula kama mia. Kabisa! Imeandikwa kwenye daftari. Watoto wanaijua ile pipi kwa macho tu, Neema alishawahi kuilamba karatasi akachapwa kwa kosa la ubadhirifu. Siku moja nikasema ngoja nimkomeshe Mangi, nikaenda kuchukua nyanya, hesabu ikazidi mia, nikamuwekea pipi yake pale pale juu ya kaunta.

"Hii nini tena?"

"Mia."

"Hii pipi, mzee."

"Jana ulinipa ilikuwa mia."

Alicheka mpaka akakaa. Nyanya moja akairudisha kwenye tenga.

Halafu bahasha zenyewe hazina adabu, zinakopeshana. Ukifungua Gesi unakuta kikaratasi, "nimetoa elfu tano nimeipa Shule, zitarudi". Unaenda Shule, unakuta kikaratasi kingine, imeikopesha Luku. Luku nayo ndo vichekesho, kwa sababu umeme haununui kwa kuichomeka noti kwenye mita, lazima urudi kwa wakala, umpe keshi aiingize kwenye simu, ile ile simu tuliyoikimbia, ndo uletewe tokeni. Na ukinunua unit zinakuja chache maana toka 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye Luku, ilianza buku kwa mwezi, jengo sio langu, mimi mpangaji, nikimwambia mwenye nyumba tukatane kwenye kodi ya mwezi anasema tutaliongea. Anasema hivyo huku anahesabu hela yangu kwa mate.

Dharura ndo bahasha inayoniuma zaidi. Kwa akili yangu dharura ni mtoto kaumwa, bomba limepasuka, vitu hivyo. Kumbe hapa mjini dharura ni kamati ya harusi. Unaamka umeunganishwa kwenye grupu, hujaombwa, jina la bibi harusi hulijui, mwenyekiti keshakuandika kwenye orodha mbele ya jina lako pako wazi panasubiri ahadi, na kila asubuhi anaituma upya na wale waliolipa kawawekea tiki ya kijani. Elfu hamsini kadi ya single, laki ya double, na ukienda single watu wanauliza mama yuko wapi. Sheria za Hazina nazo zinashangaza, harusi ya ndugu yake ni dharura, harusi ya ndugu yangu ni starehe. Nilihoji, nikaambiwa nisome mazingira.

Na kila nikilalamika najibiwa kwa jina la mama yake. "Mama alijenga nyumba kwa keshi. Mama hajawahi kuwa na akaunti." Ni kweli, mama mkwe hela zake anaziweka sandukuni chini ya vitenge. Sasa mama mkwe akaja kutusalimia 2025 mwezi wa tano, shikamoo mama, marahaba baba, kala kashiba, akafungua fundo la khanga, "nimewaletea kidogo". Mke wangu machozi. Mimi nikachukua noti nikaigeuza, nikageuza nyingine. Noti za 2003 zote! Benki Kuu ilikuwa imetangaza redioni, kwenye tivii, kila mahali, noti za 1985 mpaka 2003 mzibadilishe kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, baada ya hapo hazilipi kitu. Mama redio yake ilikuwa haina betri. Simba yupo, kifaru yupo, tembo yupo, mbuga nzima imejaa pale mezani na hainunui hata fungu la mchicha.

Nikamwangalia mke wangu. Sikusema kitu, mimi ni mtu mzima, ila nilimwangalia vizuri tu.

Akasema, "Tatizo hapo sio keshi, tatizo ni noti."

Ikafika siku ya mama kuondoka, na nauli ya basi alikuwa anaitegemea kwenye lile fundo. Kikakaa kikao. Gesi ina vikaratasi vitupu, Shule haiguswi, Dharura imeenda kwenye ukumbi na MC. Bahasha ya Nauli ikasombwa yote ikapewa mama na soda ya njiani juu.

Nikauliza kistaarabu kabisa, na mimi kesho kazini naenda na nini?

Mama Neema akafungua bahasha ya Chakula, akanihesabia pipi sita kwenye kiganja.

"Mpe konda. Na asikuambie hana chenji, hiyo ni kamili."