Namba Inayofuata ni Ipi?

Swali hili halikosekani, kuanzia vitabu vya shule hadi mitihani ya kuombea kazi: 1, 2, 4, ... namba inayofuata ni ipi? Wengi watajibu 8 papo hapo. Kila namba imezidishwa kwa 2, kwisha. Sasa aje mtu aandike 7. Kaongeza 1, kisha 2, kisha 3. Hesabu yake haina doa, lakini msahihishaji mwenye jibu moja mkononi atamwekea kosa.

Mimi naona swali la namna hii, likiachwa lilivyo, halipimi hesabu. Linapima kama umebahatisha kilichokuwa kichwani mwa aliyelitunga.

Utaniambia waongeze namba za mfano, ubishi uishe. Haya. Chora duara, weka nukta kwenye mzingo wake, unganisha kila nukta na nyingine zote kwa mistari iliyonyooka, halafu hesabu vipande vilivyopatikana ndani. Nukta 1, kipande 1. Nukta 2, vipande 2. Kisha 4, 8, 16. Nani asiyeapa kwamba nukta 6 zitatoa 32? Zinatoa 31. Tena ukizipanga kwa umbali sawa unapata 30, kwa kuwa mistari mitatu inakutana pale katikati na kipande kimoja kinapotea. Chora upya utakavyo, 32 huipati.

Kwa hiyo namba tano zilizokaa sawasawa hazithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni sababu. Chukua namba witiri uzijumlishe: 1, halafu 1+3=4, halafu 1+3+5=9, halafu 16. Kila jumla ni mraba, na safari hii sababu inaonekana kwa macho. Panga vitone 9 katika safu 3 za vitone vitatu vitatu. Ili mraba uwe wa 4 kwa 4, unaongeza vitone 3 ubavuni, 3 chini na kimoja cha kona: jumla 7, witiri inayofuata. Mraba ukikua tena, ubavuni kinazidi kimoja na chini kinazidi kimoja, basi nyongeza ni 9. Ndiyo maana naweza kukwambia witiri 10 za kwanza zinafika 100 bila kuzijumlisha moja moja (zijumlishe ukitaka, sikukatazi).

Basi watunzi watoe kanuni, au wamtake mwanafunzi aieleze yake. Kwa mfano: anza na 5, ongeza 3 kila mara, namba ya 20 ni ngapi? Jibu ni 62. Atakayeandika 65 amezidisha 3 kwa 20, wakati kutoka namba ya kwanza hadi ya 20 kuna hatua 19 tu. Hapo mwalimu anajua hasa cha kumfundisha.