Kabla ya winchi, nunua begi la kulalia

Kila ikifika Novemba, vijana wetu wa Afrika Mashariki hapa Minnesota, Marekani, huanza kunitumia picha za magari yao. Ni Toyota 4Runner, ni Tacoma, limeinuliwa, limefungwa mbele winchi, ile mashine ya kamba ya kujinasulia, na safu ya taa juu ya paa, na swali ni lile lile: kaka, lini tunakwenda kulala msituni? Nawaelewa kabisa. Msitu wa Superior, kule kaskazini karibu na mpaka wa Kanada, mwezi Januari hauna mbu wala matope, na usiku hutulia mpaka unasikia mti ukipasuka kwa baridi. Lakini kwenye picha hizo natafuta kitu kimoja, na mara nyingi sikioni: watalalia nini?

Wengi wetu tulijifunzia udereva kwenye matope, kwa hiyo tunachoogopa ni kukwama. Nyumbani ukikwama unakata matawi, unayasukumia chini ya tairi, wanakijiji wanakuja kusukuma. Wasipokuja, unalala garini mpaka kuche, na asubuhi unaendelea na safari. Huku, gari likishazimika, ndani yake na nje huwa hali moja baada ya saa chache tu. Bati na vioo havitunzi joto. Ndiyo maana nasema fedha ya kwanza isiende kwenye kitu cha kulinasua gari. Iende kwenye vitu vitakavyokuweka hai gari likiwa limekufa. Winchi yenyewe inategemea betri ile ile ambayo baridi inaimaliza.

Haya nimeyajua kwa kuyapitia. Januari moja mimi na shemeji yangu tulilala kwenye barabara ya msituni kaskazini ya mji wa Ely, nyuzi 31 za sentigredi chini ya sifuri. Gari halikukwama hata mara moja. Kilichotushinda ni vitu vidogo. Jiko letu lilikuwa la mkebe wa gesi ya biuteni, na gesi hiyo hukataa kugeuka mvuke ikishafika sifuri. Tuliliwasha, likatoa mwali wa buluu mdogo kama wa mshumaa, likazima. Dumu la maji la lita 20 lilikuwa limekuwa jiwe. Magodoro yetu yalikuwa ya kupuliza, yale ya kulaza wageni sebuleni, na baridi ilipanda kutoka sakafuni ikapita kwenye ile hewa kama vile hatukutandika kitu. Tulikuwa na mablanketi manne. Yote tulijifunika juu, na chini hatukuweka hata moja.

Saa sita usiku shemeji akasema, "Shemeji, tuwashe gari." Tukakubaliana dakika kumi kila saa, na kila mara nashuka kwanza kuangalia bomba la moshi. Mara ya tatu nilipoinama na tochi nikakuta theluji ya ukingoni imeporomoka na kuliziba zaidi ya nusu, na ule moshi uliokuwa ukitoka umeyeyusha kishimo cheusi kinachoelekea chini ya gari, chini ya pale tulipolala. Niliifukua kwa mikono. Hatukuwasha tena.

Hapa naomba tusikilizane. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, na gesi hiyo haina harufu wala rangi. Inakulaza tu. Sisi si wageni nayo: kule Limuru au Makete, msimu wa baridi, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha, na asubuhi majirani wakavunja mlango. Ni gesi ile ile. Injini isiungurume wakati mtu amelala, na jiko lisiwashwe ndani ya gari lililofungwa. Kengele ya kunusa gesi hiyo, inayotumia betri zake yenyewe, ni ya bei ndogo kuliko taa moja ya paani. Hata kama una hita ya dizeli iliyofungwa na fundi mzuri na bomba lake limetokeza nje, weka kengele. Hita hizo ni nzuri, sizipingi. Lakini nazo zinataka umeme na mafuta, na usiku wako usitegemee kitu kinachoweza kuzima saa nane.

Kitandani basi. Anza chini. Godoro la povu gumu, lile jembamba lisilopulizwa, halafu juu yake godoro la kupuliza lililotengenezwa kwa baridi. Uwezo wa magodoro kuzuia baridi hupimwa kwa namba ya R, na ukiyapandanisha namba hizo hujumlishana. Kwa baridi ya huku mimi silalii magodoro ambayo jumla yake iko chini ya 7. Begi la kulalia nalo lina hila yake: namba kubwa iliyoandikwa juu mara nyingi ni ya kiwango cha kuvumilia, si cha kulala kwa raha, kwa hiyo tafuta kiwango cha raha na ununue la baridi kali zaidi ya unayoitegemea. Acha madirisha mawili wazi kiasi cha kidole. Najua linaonekana jambo la ajabu, lakini pumzi za watu wawili usiku kucha huganda darini, na jua likichomoza zinayeyuka na kudondokea kwenye begi. Begi la manyoya ya bata likilowa halina kazi tena. Nguo za pamba ziache nyumbani, vaa sufu.

Asubuhi ile stata ilijikokota mara mbili ikanyamaza. Betri hupoteza takribani theluthi ya nguvu zake kwenye sifuri, na zaidi ya nusu ikifika nyuzi 18 chini, wakati huo huo oili imekuwa nzito kama asali na injini inadai nguvu nyingi kuliko kawaida. Aliyetuokoa ni dereva wa lori la magogo. Huku magogo mengi hukatwa wakati wa baridi, kwa kuwa vinamasi vimeganda na malori yanapita juu yake. Alibusti betri yetu, akachungulia nyuma ya gari, akatazama mablanketi yetu kwa muda mrefu, asiseme neno. Sijawahi kusahau macho yale.

Siku hizi betri napimisha Oktoba. Oili ni ile inayoanzia 0W, yaani inayobaki nyepesi kwenye baridi. Kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, sichanganyi na maji nusu kwa nusu, maana mchanganyiko huo huganda karibu na nyuzi 37 chini, na mji wa Tower, jirani na Ely, ulipima nyuzi 51 chini tarehe 2 Februari 1996, rekodi ya jimbo zima. Naweka asilimia 60 ya kulanti. Hita ya bloku, ile inayopasha injini joto, huwa naichomeka kwenye umeme usiku wa kuamkia safari. Tangi halishuki chini ya nusu. Mwenye dizeli atafute ile ya msimu wa baridi, vinginevyo nta iliyomo itaziba filta.

Tairi za theluji ni lazima, zenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji. Magurudumu yote manne yakivuta yatakusaidia kuondoka, lakini kwenye barafu hayakusaidii kusimama. Ule ujuzi wetu wa matope, wa kupunguza upepo, unafanya kazi hata hapa, mradi uwe na pampu ya kuurudisha. Beleshi la chuma, si la plastiki. Na kamba ya kuvutia isifungwe kamwe kwenye kile kichwa cha chuma cha kukokotea trela: kikikatika kinaruka kama risasi.

Mtu mmoja nyumbani ajue barabara mtakayoingia na saa mtakayorudi, maana mtandao wa simu huko ni wa kubahatisha.

Mwezi Februari nakwenda tena, na nafasi zipo. Sharti langu kwa anayetaka kufuatana nami ni hili: chagua usiku wa nyuzi 20 chini, lala ndani ya gari lako hapo hapo uwani, injini imezimwa, hita imezimwa, mlango wa nyumba haujafungwa kwa ufunguo. Ukiamka saa tisa unatetemeka, ingia ndani, unywe chai, halafu uniandikie ni sehemu gani ya mwili iliyoanza kupata baridi.