Muulizeni mzee anataka kurudi kufanya nini

Familia nyingi hapa Moshi huhesabu ugonjwa umekwisha siku mzee anaporuhusiwa. Damu iliyovia kichwani imeondolewa, nyuzi zimetolewa, gari limekodiwa, mbuzi kachinjwa. Kumbe kwa mwenyewe kazi ndiyo kwanza inaanza, tena wataalamu kawaacha hospitali.

Baba yangu mkubwa, mtu wa Kibosho, aliteleza kwenye ukingo wa mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, akapiga kichwa. Hakuzimia. Alijifuta tope akaendelea na shughuli zake. Wiki kadhaa baadaye mguu ukaanza kuburuta, majina ya wajukuu yakampotea. Majirani wakasema uzee huo. Wenye midomo yao wakasema mbege, pombe yetu ya ndizi. Lakini ubongo wa mzee husinyaa kadiri miaka inavyosonga, na mishipa midogo inayouunganisha na utando wa fuvu hubaki imevutika. Pigo dogo tu laweza kuichana, damu ikavuja polepole kwa wiki nzima nzima bila mtu kujua. Mzee akianguka na kugonga kichwa, hata akiamka anacheka, apelekwe akapimwe.

Alipasuliwa, akapangiwa mazoezi. Siku niliyomsindikiza, binti wa tiba kwa vitendo alimpa vibanio vya nguo avibane kwenye kamba, vidole virudishe nguvu. Akabana viwili, akamtazama.

"Mwanangu, mimi nguo nilianika lini?"

Binti akacheka, kisha akauliza swali ambalo ningependa liandikwe kwenye kila faili: "Nyumbani ulikuwa unafanya nini, babu?" Jibu lilikuwa refu. Kukata majani ya ng'ombe, kupogoa kahawa, kufunga mbuzi. Kliniki iliyofuata mzee akamkuta binti na kipande cha katani, wakafanya mafundo. Vidole ni vilevile, misuli ni ileile, ila safari hii mzee hakutaka kuacha.

Kwangu utengamao wa wazee, yaani kuwarudisha kwenye shughuli zao baada ya ugonjwa, uanzie hapo. Kutembea kwenye sakafu tambarare huku umeshika vyuma ni hatua nzuri, lakini kihamba, shamba la nyumbani, ni mteremko, na wakati wa masika ni utelezi mtupu. Kliniki zenyewe zina gharama yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikubali wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure, na dirisha lao lipo. Nauli ya daladala, ya mgonjwa na ya msindikizaji, haina dirisha. Mzee akifika mjini kashachoka, na uchovu wa ubongo ulioumia si wa kuondolewa na usingizi mmoja. Halafu anaandikiwa kwamba hana ushirikiano.

Nyumbani nako kuna balaa la upendo. "Mzee, pumzika." Panga lilifichwa. Chai ananyweshwa wakati mkono wa kulia unaweza kushika kikombe, japo unamwaga kidogo. Kikao cha mpaka wa shamba kilifanyika yeye amelala, eti asisumbuke akili. Aliposikia alifoka na kuvunja sahani, watu wakanong'ona kwamba kichwa hakijapona. Ni kweli, jeraha la ubongo hupunguza breki za hasira. Lakini mimi nisingevunja sahani moja tu.

Anayebeba haya yote ni mkwewe, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kumwinua mzee kitandani bila kujivunja kiuno, wala kumweleza kwamba kusahau na kufoka ni sehemu ya jeraha. Mazungumzo ya kuruhusiwa yalihusu vidonge na bili. Hospitali zitenge japo nusu saa ya kumfundisha yule atakayebaki na mgonjwa, kwa vitendo, kabla gari halijaitwa. Na namba ya simu inayoandikwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa ipokelewe.