Mgomba ukikunja majani mchana, usikimbilie ndoo

Januari hapa Moshi jua linachoma tangu saa nne asubuhi. Mwaka juzi, mwezi huohuo, nilipandikiza miche 60 ya nyanya saa sita mchana, nikaimwagilia mpaka udongo ukawa tope, nikaondoka kifua mbele. Saa tisa ilikuwa imelala yote. Nikaongeza maji. Mama akaniuliza, "Mwanangu, unainywesha au unaizamisha?"

Maji yalikuwepo tele. Mizizi iliyokatika nilipoing'oa kitaluni ndiyo iliyoshindwa kuvuta kwa kasi ya hewa kavu iliyokuwa ikinyonya majani. Jani lina vitundu visivyoonekana kwa macho, kwa mimea mingi vikiwa zaidi upande wa chini. Mmea huvifungua uingize hewa ya ukaa ya kutengenezea chakula, na vikiwa wazi mvuke nao unatoka. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayopanda kutoka mizizini huishia hewani. Ndiyo ile transipiresheni tuliyoikariri kwa ajili ya mtihani.

Mwenye shaka atafute mfuko wa nailoni (kama alibaki nao baada ya marufuku ya 2019), auvalishe tawi la mparachichi asubuhi na kuufunga kwa kamba. Kufika mchana umejaa ukungu, na kwenye pembe ya chini matone yamejikusanya. Mwingereza Stephen Hales alipima jambo hili kwa mzani, akachapisha vipimo vyake mwaka 1727: alizeti moja kwenye chungu ilipoteza zaidi ya nusu kilo ya maji kwa mchana mmoja.

Mgomba umelijua hilo siku nyingi. Jua likiwa utosini, pande mbili za jani zinashuka kutoka kwenye uti kama paa la nyumba, jua lipate pa kupiga padogo. Jioni linajitandaza tena. Watu wakiliona limekunjika wanakimbilia ndoo. Subiri alfajiri: likiwa bado limelegea, hapo udongo umekauka kweli.

Kinachoniudhi ni kihambani, kwenye shamba letu la Kichagga la migomba na kahawa chini ya miti. Mtu anaangusha mringaringa, mti wa kivuli, auze mbao, halafu msimu wa kiangazi anagombana na jirani kuhusu zamu ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Najua, mti nao unakunywa, na mkaratusi nisingeupanda karibu na chemchemi hata kwa bure. Ila chini ya kivuli hewa ni baridi na upepo umetulia, kwa hiyo kahawa na migomba hutoa jasho kidogo. Ukiondoa kivuli, mfongo uleule unaanza kuonekana hautoshi, na lawama anabebeshwa aliye juu yako.

Mwaka huu nilipandikiza saa kumi na moja jioni. Kila mche nikaufunika kwa kipande cha jani la mgomba kwa siku nne, shinani nikaweka matandazo ya majani makavu. Maji nilitumia ndoo tatu tu. Imekufa miwili, na mmoja kati ya hiyo ulikanyagwa na mbuzi wa Mama.