Miraba Tisa Mieupe

Bando langu lilikata roho saa tatu usiku, halijamaliza hata siku mbili, na mimi sijatazama cha maana. Nilifungua habari moja tu, ya bei ya mafuta. Kabla sijafika aya ya pili, video ya sabuni ikaanza kucheza yenyewe pembeni. MB zangu, sabuni si yangu.

Nikasema mimi na kivinjari (browser) leo ni leo.

Laptop yangu inakula hotspot ya simu, kwa hiyo kwanza nikaiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, ikome kujishushia masasisho usiku kama mwizi. Nikaingia mipangilio ya kivinjari. Video zisianze bila ruhusa. Halafu nikakuta kuna kitabia cha kupakia mapema kurasa ambazo sijazibofya, eti huenda nikazitaka! Ni sawa na mama ntilie akupakulie ubwabwa unapita zako barabarani, halafu akudai. Nikakizima. Enzi za simu za vitufe tulikuwa na Opera Mini, ukurasa unabanwa kwenye seva zao kwanza, unakufikia umekonda, na tunashukuru. Hata Chrome ya simu ilikuwa na sehemu yake ya kubana data, wakaiondoa 2022. Labda walidhani tumetajirika.

Nikafika penye picha. Nikazifunga zote.

Raha yake usiniulize. Kurasa zinafunguka fyu! Siku tatu, GB 1 haijafika nusu. Mama Asha akaniuliza, "Baba Asha, sasa lile gauni nililokutumia unalionaje?" Nikamwambia naona bei. Kwa kweli mimi nilikuwa nahusika hapo hapo tu.

Basi jana nikawa najaza fomu ya ofisi moja (siitaji, bado nahitaji huduma yao). Nimejaza ukurasa mzima, mpaka jina la bibi mzaa mama, nafika mwisho naambiwa nithibitishe kuwa mimi si roboti: chagua miraba yote yenye pikipiki.

Miraba tisa, mieupe pe, kama sahani za msibani kabla pilau halijaiva.

Kurudisha picha sikutaka, ningeshindwa kujitazama kwenye kioo. Nikabofya kwa imani, wa juu kulia na wa katikati. Nimekosea. Sasa chagua taa za barabarani. Nikabofya ile ile. Mara ya tano wakanitoa nje na fomu ikafutika, bibi na jina lake. Mtu ninayepanda bodaboda kila siku nimeshindwa kuthibitisha kuwa naijua pikipiki.

Nikakunja kiburi, nikaenda steshenari ya pale kona. Kujaziwa fomu shilingi 2,000. Binti akaniangalia kwa huruma.

"Anko, bando letu limekata. Washa hotspot yako, dakika mbili tu."

Nikawasha. Pikipiki akazipata zote kwa mara moja, fomu ikaenda. Nanyoosha mkono nizime, naona kompyuta yake imeanza kuzungusha kiduara pembeni: inapakua masasisho, asilimia 38.

"Usizime kwanza, Anko," akasema. "Hii ilikuwa inasubiri mtandao tangu mwezi uliopita."