Moto wa Mwisho wa Fundi Shaba

Wapo mafundi hapa Mombasa wasiopenda kurudisha motoni shaba ambayo nyundo imekwisha kuikaza, na hoja yao ina uzito. Shaba nyekundu iliyo laini huwa na ugumu wa takribani 50 kwa kipimo cha Vickers, kinachopima alama inayoachwa na ncha ya almasi ikikandamizwa kwenye metali. Ikifuliwa baridi huvuka 100, kwa sababu kila pigo huzidisha kasoro katika mpangilio wa atomu, nazo hukwamishana hata metali ikakataa kusogea. Ndiyo maana dele la kahawa linalozungushwa jioni Mji wa Kale halibonyei upesi. Moto mkali huzaa ndani ya metali chembe mpya, yaani fuwele ndogondogo, zisizo na kasoro, na ugumu wote ukapotea. Kuitumbukiza shaba majini ingali nyekundu hakuurudishi, kwani hiyo ni tabia ya feleji, yaani chuma kigumu cha visu na patasi.

Hata hivyo, bila moto kazi haifiki mbali. Mfuaji anayebana shingo ya dele husikia mlio wa nyundo ukiwa mkali na kuhisi nyundo ikimrudi mkononi. Akiendelea, ufa mwembamba kama unywele hutokea ukingoni. Hapo hana budi kulainisha, ila kwa wekundu hafifu tu, kwani moto ukizidi chembe hukua, na uso wa shaba ukifuliwa tena huparuza kama ganda la chungwa.

Shaba ya manjano, yaani iliyochanganywa na zinki, ina hatari nyingine, nayo kwangu ndiyo nzito zaidi. Maganda ya risasi za jeshi la Uingereza huko India yalipasuka yenyewe ghalani wakati wa masika, kwa kuwa mkazo uliobaki baada ya kufuliwa baridi ulikutana na unyevu na amonia kutoka mazizi ya farasi. Dawa yake ni moto pia, lakini mdogo: nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi kwa muda wa saa moja hivi hupunguza mkazo, na ugumu usipungue kwa kiasi cha kuhisika.

Kwa hiyo siafiki kuukataa moto moja kwa moja. Moto mkali uje kabla ya mapigo ya mwisho, na mdogo baada yake. Hata bati linalopakwa ndani ya dele huyeyuka kwa nyuzi 232, joto lisilolainisha shaba ya manjano; kinacholainisha ni kuunganisha mkono wa dele kwa lehemu ya fedha, inayodai zaidi ya nyuzi 600, na kazi hiyo yafaa itangulie nyundo ya mwisho.